Walichotaka ni printa ichape: kisa cha ofisi moja kuhama Windows 10

Usuli

Ofisi hii ni ya SACCOS ya wafanyakazi katika mji mmoja wa mkoa, Tanzania. Jina, mkoa na idadi ya wanachama nimeviacha makusudi, na vyeo vya watu wawili nimevibadilisha ili wasijulikane. Kompyuta zinazotumika zilikuwa 27, zote za mezani isipokuwa laptopu ya meneja, na zote zikitumia Windows 10. Nyingine zilikuja na mradi wa zamani, nyingine ni mtumba wa Dubai, na tatu za madirisha ya makeshia zilikuwepo tangu siku ofisi inafunguliwa.

Hatukusukumwa na hamu ya kitu kipya. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilikuwa inafikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hiyo mashine ingewaka kama kawaida, ila matundu ya usalama yatakayogunduliwa yasingezibwa tena. Kwa ofisi inayoshika akiba za watu hilo halivumiliki, na mkaguzi wa nje alikwisha kuliandika kwenye hoja zake. Kazi nilikabidhiwa Machi 2025, mimi na kijana mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo.

Tulichouliza, na walichojibu

Nilianza kwa fomu, kama wanavyoanza wengi. Swali kubwa lilikuwa: "Ungependa Windows mpya iwe na nini?" Chini yake niliweka visanduku: kasi, muonekano mpya, usalama zaidi, lugha ya Kiswahili, kufanya kazi bila intaneti, mengineyo.

Fomu 22 zilirudi. Kasi ilitiwa vema na kila mtu. Muonekano mpya, watu 13. Kiswahili, wanne, na wawili kati yao waliniambia baadaye kwamba walitia vema kwa uzalendo tu. Mmoja nilimwekea kifurushi cha Kiswahili kwenye Windows 10 yake ajaribu. Kabla ya saa nane mchana akaniomba nikitoe. Lugha yenyewe haikumshinda. Shida ni kwamba kila anayempigia simu amsaidie humwambia "nenda Settings", na kwake hakuna kitu kinachoitwa hivyo tena.

Kwenye "mengineyo" fomu 21 zilikuwa tupu. Moja iliandikwa neno moja: "Isijizime."

Niliandaa taarifa ya kurasa mbili kwa meneja, yenye chati, kwamba watumiaji wanataka kasi na muonekano mpya. Taarifa hiyo ninayo bado, na huwa naitazama ninapojiona fundi.

Nusu saa kwenye kiti cha pembeni

Jibu la "kasi" hulifanyii kazi. Kasi ya nini, saa ngapi, ukifungua nini? Nikaomba ruhusa nikae pembeni ya kila mtu nusu saa, nikiwa na daftari na mdomo uliofungwa.

Nilianza kwa mhasibu, mama mtu mzima. Nikampa shikamoo, nikavuta kiti. Alikuwa amefungua faili 14 za Excel, na kwenye upau wa chini zimejipanga kwa majina: "Makusanyo Mei", "Makusanyo Mei SAHIHI", "Makusanyo Mei SAHIHI 2". Anaruka kutoka hii kwenda ile bila hata kutazama kipanya. Nilipomwonyesha kwenye laptopu yangu jinsi Windows 11 inavyozirundika faili zote chini ya alama moja ya Excel, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sasa SAHIHI 2 nitaijuaje?"

Hakuwa peke yake duniani. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 bila uwezo wa kuzitenganisha faili hizo na kuzionyesha majina, na uwezo huo ulirudishwa mwishoni mwa 2023, baada ya miaka miwili ya malalamiko. Ila umerudi ukiwa umezimwa. Asiyejua ulipo ataendelea kuamini kwamba haupo.

Afisa mikopo alikuwa ameuhamishia upau ule ubavuni, kushoto kwa skrini. Sababu yake ni ya kazi: monita zetu ni pana na fupi, naye anataka aone mistari mingi ya marejesho kwa mara moja. Toleo la Windows 11 tulilokuwa nalo lilikubali upau ukae chini tu. Huyu sikuwa na la kumpa zaidi ya kuuficha ujitokeze pale kipanya kinapogusa ukingo. Alikubali kwa shingo upande.

Kwa katibu muhtasi nilijifunza kitu ambacho hakuna fomu ingekitoa. Deskitopu yake ilikuwa na faili zaidi ya mia, zimetapakaa juu ya picha ya jogoo mwekundu. Nilidhani ni uchafu, nikaanza kufikiria folda za kumtengenezea. Kumbe kila faili lina makao yake. Barua za bodi ziko chini ya miguu ya jogoo, likizo ziko mkiani, na zile zinazosubiri saini ya mwenyekiti ziko mdomoni. Simu ililia, mtu akauliza barua ya mwezi wa pili, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye ukucha wa kushoto. Majina ya faili hakuyasoma. Ukibadilisha picha, au ukiacha mfumo mpya uzipange faili kwa herufi, umemhamishia ofisi usiku akiwa amelala.

Mwisho nikakaa dirisha namba mbili, kwa keshia. Saa nne na dakika ishirini asubuhi umeme ukakatika. UPS, ile betri ya akiba, ikalia mara tatu, ikazima. Umeme uliporudi, kompyuta ikawaka na kuanza kumalizia masasisho, asilimia zinapanda taratibu, maandishi yanasema usizime. Wanachama saba kwenye foleni. Tulikaa dakika 14 tukiitazama skrini ya bluu. Dada wa dirishani akanigeukia: "Kaka, ndiyo hiyo isijizime yangu."

Nikajua fomu ile moja ilikuwa ya nani. Nikajua pia "kasi" ya watu wote ilikuwa nini: dakika za kusubiri asubuhi mashine iwake, na dakika kama hizi. Kazi yenyewe, ikishafunguka, hakuna aliyelalamika kwamba iko polepole.

Kwenye daftari langu la siku hiyo, dirisha namba mbili, kuna mstari huu: "Printa ya vitabu inapiga kelele sana." Niliuandika kama kero ya kelele. Mtaona.

Maamuzi na sababu zake

Windows 11 ina masharti ambayo hayajadiliki kirahisi: chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwashaji salama, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, na prosesa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, ambayo kwa Intel kwa kawaida ni kizazi cha nane kwenda juu. Tulipozipima mashine zote, nane zilipita hapohapo. Tatu zilikataliwa kwa sababu TPM ilikuwa imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, tuliiwasha zikapita. Kumi na sita zilikuwa nje.

Kuhusu hizo 16 kulikuwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ilikuwa kulipia masasisho ya ziada. Mwenyekiti alikuwa amesoma mahali kwamba ni dola 30, au hata bure. Ilikuwa kweli, lakini hiyo ilikuwa kwa kompyuta za nyumbani na kwa mwaka mmoja. Kwa taasisi bei ilikuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja iliyozeeka. Ukichelewa ukaingia mwaka wa pili, unalipia na wa kwanza. Kwa fedha hiyo, kwa bei tulizoulizia, tungepata karibu kompyuta mbili za mtumba za kizazi cha nane. Mhasibu hakuhitaji maelezo zaidi.

Ya pili ni kulazimisha Windows 11 iingie kwa ujanja. Inawezekana, na kila fundi anajua namna. Nilikataa, kwa sababu Microsoft haiwaahidi masasisho wanaofanya hivyo, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayahamia.

Ya tatu ilikuwa kununua. Ya nne, Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft, kwa wale ambao kazi yao ni kuandika barua na kufungua tovuti.

Kabla ya kuamua ikabidi tukiri jambo ambalo ofisi nyingi hulipitia pembeni: leseni. Baadhi ya Windows zetu zilikuwa za kukraki, zimewekwa na fundi wa mtaani miaka iliyopita. Hapakuwa na maana kununua usalama juu ya msingi huo. Tukaamua kila mashine itakayonunuliwa iwe na leseni yake ya Pro kutoka kiwandani.

Uamuzi wa mwisho ukawa kubadilisha 10, kuhamishia Mint tatu, na kustaafisha tatu ambazo watu walikuwa wanazitumia kwa zamu. Mashine zote zinazobaki ziwekwe SSD, yaani diski za kasi. Kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu katika kazi hii yote, ningefanya hilo. Kompyuta iliyokuwa inachukua dakika nne kuwaka asubuhi ikawa inawaka kabla mtu hajaning'iniza mkoba.

Halafu tukatengeneza nakala mama moja ya Windows 11, ya kuwekwa kwenye mashine zote, kwa kufuata daftari na si fomu. Menyu ya Start ikarudi kona ya kushoto. Majina ya faili kwenye upau yakatenganishwa. Masasisho yakapigwa marufuku kuwasha upya mashine kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mtandao ukatiwa alama kwamba ni wa bando, ili yasishuke katikati ya juma. Jumamosi mchana alama inaondolewa, mashine moja inashusha na nyingine zinachukua kwake. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikazimwa, maana ikiachwa inaweza kuanza kupandisha deskitopu nzima mtandaoni, na nafasi ya bure ni GB 5 tu. Watu wakafunguliwa akaunti za ndani ya mashine. Kwa katibu muhtasi tulipiga picha ya skrini, tukachukua jogoo wake, na kijana wa mafunzo akazirudisha faili mojamoja kwenye makao yake. Ilimchukua alasiri nzima, na aliifanya akinung'unika.

Majaribio, wikiendi ya kuhama, na Jumatatu yake

Juni tulijaribu mashine tano kwa wiki tatu. Tuliwachagua waliojitolea: vijana wa mikopo, msaidizi wa mhasibu, meneja. Mambo yalikwenda vizuri mno. Kero ilikuwa moja tu ya maana: wakibofya kulia, menyu mpya ni fupi, maneno ya kunakili na kubandika yamegeuka alama juu kabisa, na ile njia ya kupeleka faili kwenye flashi imefichwa nyuma ya "Show more options". Tukawaonyesha Shift na F10, ambayo hufungua menyu ya zamani moja kwa moja.

Madirisha ya makeshia hatukuyagusa kwenye majaribio. Sababu tuliyoiandika ni "kutosumbua wanachama". Ilionekana ya busara.

Agosti, Jumamosi na Jumapili, tukahamisha zote zilizobaki. Jumapili jioni kila kitu kinawaka, mfumo wa akiba unafunguka, printa ya leza inachapa. Tukapeana mikono.

Jumatatu ilikuwa ya wiki ya mishahara. Saa mbili na nusu dada wa dirisha namba mbili aliingiza kitabu cha akiba cha mwanachama wa kwanza kwenye ile printa ya utepe, ile ya kukereza kama cherehani. Kimya. Akakitoa, akakirudisha. Kimya.

Sababu tuliijua ndani ya saa moja. Kompyuta zile tatu za zamani zilikuwa na Windows 10 ya biti 32. Kuna mtu aliichagua zamani kwa kuwa ilikuwa nyepesi kwa mashine zenye RAM ya GB 2. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Draiva ya printa ya vitabu, yaani programu inayoiunganisha printa na mfumo, ilikuwa ya biti 32 tu, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya aina hiyo, hata uibembeleze vipi. Juu ya hilo, printa inaunganishwa kwa kebo nene ya pini 25, na mashine mpya hazina tundu lake. Tulinunua kebo ya kugeuza kuwa USB, tukajidanganya nayo mpaka mchana.

Mbaya zaidi, kwa haraka ya kusafisha, diski za kompyuta mbili kati ya zile tatu zilikwisha kufutwa Jumapili. Ya tatu ilinusurika kwa sababu kijana wa mafunzo aliumwa kichwa akaomba kwenda nyumbani mapema. Sikumwambia kwamba kichwa chake ndicho kilichotuokoa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili makeshia waliandika vitabu kwa mkono na kugonga muhuri. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alisema afadhali hivi, kwa kuwa sasa anayaona maandishi vizuri. Wengine hawakuwa wapole hivyo. Jumatano asubuhi tuliirudisha ile kompyuta iliyonusurika, tukaiweka pembeni ya dirisha namba tatu kwa kazi moja tu ya kuchapa vitabu. Ipo kwenye mtandao wa ndani, haina njia ya kutoka nje, na bandari za flashi tumezifunga.

Hali ilipotulia

Kufikia tarehe 14 Oktoba kompyuta 24 zilikuwa kwenye mfumo unaohudumiwa, na moja ile ya vitabu imetengwa. Kati ya tatu za Mint, mbili zimekaa na wenyewe hawana habari nayo tena. Ya tatu ilirudi kwenye Windows baada ya wiki mbili, kwa sababu mwenyewe alikuwa anatumia faili la Excel lenye makro, yaani amri za kujiendesha, ambalo LibreOffice, programu ya ofisi ya kwenye Mint, ililifungua lakini vitufe vyake havikufanya kazi. Tukambadilishia na laptopu iliyokuwa stoo. Wanachama wanapanga foleni mara mbili: dirishani, kisha kwenye kuchapa. Hilo hatujalimaliza. Mkaguzi aliifuta hoja yake akaandika nyingine, ndogo, kuhusu kompyuta ya pembeni.

Uchambuzi

Fomu haikudanganya, ilijibu swali nililouliza. Niliuliza kuhusu Windows, watu wakanijibu kuhusu Windows. Kwa keshia, printa ya vitabu si Windows, kama ambavyo kiti chake si Windows. Asingeweza kuiandika kwenye "mengineyo" hata ningempa ukurasa mzima. Mimi ndiye niliyejua kwamba printa na mfumo vinashikana kwa draiva, na mimi ndiye niliyekaa pembeni yake nikaandika kwamba inapiga kelele.

Kosa la majaribio lilikuwa kubwa kuliko la fomu. Tulichagua watu wasiotusumbua, wenye mashine zisizotusumbua, wakichapa kwenye printa isiyotusumbua, kisha tukashangaa majaribio kutotusumbua. Ningeanza upya, mashine ya kwanza kuhamishwa ingekuwa ya dirishani, baada ya saa za kazi, na kitabu cha zamani kikiwa mkononi. Na hakuna diski ambayo ingefutwa kabla ya mwisho wa mwezi kupita salama.

Kilichofanya kazi ni kile kilichotoka kwenye kiti cha pembeni. Wiki ya pili baada ya kuhama nilihesabu simu za kuomba msaada: kutoka uhasibu hakuna hata moja, kutoka kwa katibu muhtasi moja, nayo ilikuwa ya kebo iliyochomoka. Kati ya yote wanayoyasifu wauzaji kwenye Windows 11, sikusikia mtu akilitaja hata moja. Wale 13 waliotia vema "muonekano mpya" niliwauliza Septemba wanauonaje. Kadhaa waliuliza, "Kwani umebadilika?" Nililipokea kama pongezi.

Hili si la ofisi yetu tu. Windows Vista ilipotoka Januari 2007, moja ya kero zilizoiharibia jina ilikuwa draiva: watu walirudi nyumbani na mfumo mpya usiozijua printa zao. Windows 8 ya Oktoba 2012 iliondoa kitufe cha Start, na mwaka mmoja baadaye 8.1 ikakirudisha. Upau wa Windows 11 nao umepita njia ileile. Kila mara kinachoombwa kwa sauti kubwa zaidi ni kile kilichokuwepo jana. Watengenezaji wana sababu zao, na nyingine ni nzuri: TPM na biti 64 zina faida ya kweli kwa usalama. Ila gharama ya faida hiyo ilimwangukia dada wa dirisha namba mbili, mbele ya foleni, wiki ya mishahara.

Jambo moja sijalikalia sawa. Tulimzuilia keshia masasisho saa za kazi, naye akafurahi. Lakini mashine ambayo haijizimi ni mashine ambayo wakati mwingine inakaa na sasisho la usalama siku tano bila kuliweka. Alichotaka yeye na alichotaka mkaguzi vinavutana, na Jumamosi mchana ndipo tulipovipatanisha kwa sasa, mradi mimi nisisahau kuja Jumamosi.

Diski ya kompyuta ya vitabu tumeitolea nakala mbili, moja iko kwenye sefu ya meneja. Juu ya kava ya kompyuta yenyewe kijana wa mafunzo, kabla hajaondoka, alibandika karatasi kwa selotepu: "USIZIME. USISASISHE. USIGUSE HATA KAMA UMEAGIZWA." Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ninaodhani ni wa mhasibu: "SAHIHI 2".